MATEMBEZI YA MIGUU KATIKA MISITU NA MABONDE YA RUNGWA: MAJI, NJIA NA SHERIA

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanaopata likizo na kuvuka kwenda Bara kwa matembezi aghalabu huelekea Serengeti, Ngorongoro au Mlima Kilimanjaro, ambako njia zimekwisha tengenezwa na utaratibu unajulikana. Rungwa si mahali pa namna hiyo. Iko kusini mwa mji wa Itigi, katika Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, Mkoa wa Singida, kandokando ya barabara ya zaidi ya kilomita 400 inayotoka Mkiwa na kupitia Itigi hadi Makongolosi, Wilaya ya Chunya. Rungwa ni jina la kijiji, ni jina la mto, na pia ni jina la pori la akiba. Mtu asiyetofautisha matatu hayo anaweza kujikuta matatani bila ya kukusudia. Inafaa basi ielezwe nchi hiyo ikoje, njia zake zimetokana na nini, na ni nani anayeruhusiwa kuzipita kwa miguu.

Kwanza, ukubwa wake. Pori la Akiba la Rungwa lina takriban kilomita za mraba 9,000, yaani eneo linaloweza kumeza visiwa vitano vya ukubwa wa Unguja na bado likabaki na nafasi. Upande wa mashariki limepakana na Mapori ya Akiba ya Kizigo na Muhesi, na kusini, ng'ambo ya mto Mzombe, inaanza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ilimegwa kutoka Pori la Rungwa mwaka 1964. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ambayo ndiyo kipimo cha msitu kwa wakaazi wengi wa Unguja, ina takriban kilomita za mraba 50. Aliyezoea kuingia Jozani asubuhi na kutoka kabla ya adhuhuri, huku mnyama mkali kupita wote aliyekutana naye akiwa ni nyuki, asidhani kwamba Rungwa ni Jozani iliyotanuliwa.

Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni msitu wa miombo: mitundu, mininga, mikora na miti mingine inayopukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua tena, mara nyingi kwa rangi nyekundu, kabla hata ya mvua kuanguka. Miti imeachana, majani ya chini ni marefu, na mtu hupita bila ya taabu. Kaskazini, kuelekea Itigi, hali ni tofauti kabisa. Huko kuna vichaka maarufu vya Itigi, vyenye urefu wa mita 3 hadi 5 tu, lakini vilivyosongamana hata mtu hawezi kupita ila kwa kuinama au kwa kukata njia kwa panga. Wataalamu wa mimea huvihesabu vichaka hivyo kuwa ni aina ya uoto wa pekee, unaopatikana hapo na katika sehemu chache kuelekea Zambia. Msafiri hana la kufanya navyo isipokuwa kuvizunguka.

Njia za Rungwa hazikuchongwa kwa ajili ya matembezi. Wa kwanza kuzikanyaga ni tembo, ambao kizazi baada ya kizazi hufuata mapito yaleyale kutoka malishoni kwenda majini, na huyafanya mapana na laini kama barabara ya kijiji. Wa pili ni warina asali wa Kikimbu na wa makabila jirani, ambao njia zao ni nyembamba na hupinda kutoka mzinga mmoja hadi mwingine. Mara nyingine mrina asali hana njia kabisa. Humfuata ndege mlembe, ambaye huita na kuruka mbele kutoka mti hadi mti mpaka penye nyuki, akitarajia kuachiwa masega. Wa tatu ni askari wa wanyamapori katika doria zao. Njia zote za aina hizi tatu, zikifuatwa kwa muda wa kutosha wakati wa kiangazi, huishia mahali pamoja, napo ni penye maji.

Na maji ya Rungwa ni ya msimu. Mvua hunyesha mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haizidi milimita 800. Wakati huo mbuga hugeuka kuwa matope, vijito huvuka kingo zake na madimbwi hujaa maua ya yungiyungi. Ifikapo Agosti, mito mingi huwa ni vitanda vya mchanga mweupe vinavyopinda katikati ya mabonde, bila ya tone juu yake. Maji yapo chini. Tembo huchimba kwa mguu na mkonga, na mashimo yao huwanywesha nyani, pofu, tandala na ndege ambao wasingeweza kuchimba wenyewe. Madimbwi machache ya kina kirefu hubaki, na kila kiumbe cha eneo hilo hulazimika kuyaendea. Ndiyo maana msafiri anayesikia kwamba kuna dimbwi zuri la kupumzikia mbele yake anapaswa kuuliza kwanza ni nani mwingine analitumia.

Jambo moja la jiografia linastahili kutajwa, kwani linawahusu wakaazi wa Visiwani zaidi ya wanavyofahamu. Katika misitu hiyo ndipo maji yanapoachana. Mto Rungwa huelekea magharibi hadi Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutokea, hivyo maji yake hayafiki baharini kamwe. Mto Kizigo huelekea mashariki, na wakati wa mvua humwaga maji yake katika bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 katika mfumo wa mto Ruaha Mkuu. Kutoka Mtera maji huendesha mitambo ya hapo na ya Kidatu, kisha huingia mto Rufiji na kutoka katika Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Umeme unaozalishwa huko huingia katika gridi ya Taifa, na Unguja imeunganishwa na gridi hiyo kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Bonde lililofyekwa na kuchomwa moto juu ya Kizigo hushusha udongo badala ya maji, na udongo huo hutua bwawani. Mwananchi anayesoma taarifa hii usiku kwa mwanga wa taa anayo sababu yake ya kutaka misitu hiyo isimame.

Ama kuhusu historia, watu wa Visiwani si wageni katika nchi hiyo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kaskazini ya Rungwa, katika pori lililojulikana kwa jina la Mgunda Mkali, baina ya Ugogo na Unyamwezi. Kwa hesabu ya leo sehemu yake kubwa imo katika Manyoni na Itigi. Vituo vyake vilitajwa na wasafiri wengi: Mdaburu, Mabunguru, Jiwe la Mkoa, Kirurumo, Mgongo Tembo, kisha Tura, ambapo mashamba ya Unyamwezi yalianza kuonekana. Ukitazama majina hayo utaona kwamba kila kimoja ni ama kijito, ama jiwe au kilima ambacho chini yake maji hukusanyika. Njia haikunyooka hata kidogo, kwani ilitoka kwenye maji na kwenda kwenye maji.

Pale ambapo umbali kati ya maji na maji ulizidi mwendo wa siku moja, misafara ilitumia utaratibu ulioitwa terekeza. Badala ya kuondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua kali, wapagazi walipika na kunywa mchana wakiwa kando ya maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri na kutembea hadi giza. Walilala pakavu bila ya kupika, na alfajiri wakaendelea, ili wafike maji ya pili kabla ya jua kuwa juu. Kwa njia hiyo mwendo wa siku mbili ulifanywa kwa kiu ya usiku mmoja. Ulikuwa utaratibu mgumu kwa mtu mwenye mzigo wa ratili 60 au 70 begani, na wapagazi waliuchukia, lakini hakuna aliyebuni ulio bora.

Safari tatu zinaonyesha jinsi msimu ulivyoamua kila kitu. Burton na Speke walivuka Mgunda Mkali mwezi Oktoba 1857, mwisho wa kiangazi, na taabu yao ilikuwa kiu na jua. Speke aliporudi na Grant, alifika hapo Desemba 1860 na kuendelea hadi Januari 1861, katikati ya mvua. Safari hiyo taabu ilikuwa ni vijito vilivyofurika, njaa, na wapagazi waliotoroka kwa makundi. Stanley alipita Juni 1871, muda mfupi baada ya mvua kwisha, maji yakiwa bado yamo mashimoni na ardhi imekwisha kauka, akavuka bila ya msiba mkubwa. Aliyekuwapo katika safari zote tatu, na pia katika ile ya Cameron ya mwaka 1873, ni Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, ambaye baada ya kupata uhuru aliishi Unguja na kuwa kiongozi wa waungwana wa misafara hadi alipofariki mwaka 1885. Vitabu vilivyotokana na safari hizo vimebeba majina ya Wazungu. Aliyejua dimbwi lipo wapi ni mtu wa namna ya Bombay, na yeye naye aliuliza kwa Wakimbu.

Wakimbu ndio waliolifanya pori hilo lipitike. Walifyeka, wakalima, na wakauza nafaka na asali kwa misafara kwenye vituo kama Jiwe la Mkoa. Katika miaka ya 1870 nchi yao ilitekwa na Nyungu ya Mawe, mtawala mwenye asili ya ukoo wa kifalme wa Unyanyembe, aliyekuwa na jeshi la rugaruga na makao yake huko Kiwele. Alifahamu vyema kwamba anayeshika visima anashika njia, na misafara ilimlipa hongo. Alifariki mwaka 1884 na nafasi yake ikachukuliwa na binti yake, Mgalula. Baadaye Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, na reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo ilihama kutoka mabegani mwa watu, na njia ya Mgunda Mkali ikaanza kuota majani.

Sababu iliyowaondoa watu katika misitu ya kusini zaidi, kuelekea Rungwa, ilikuwa nyingine, nayo ni mbung'o. Katika zama za utawala wa Waingereza, kwa hofu ya ugonjwa wa malale, wakaazi wengi wa misitu ya magharibi mwa Tanganyika walikusanywa katika makazi makubwa na vijiji vyao vya zamani vikaachwa. Haifai basi kusema kwamba Rungwa ni pori ambalo halijawahi kukaliwa. Mtembezi mwenye macho hukuta mawe ya kusagia, vigae vya vyungu na miti ya matunda iliyosimama mahali ambapo haikujiotea yenyewe. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayehusika na uhifadhi, kwani wazee wa vijiji vya jirani wanalikumbuka vizuri, na wanapoelezwa kwamba njia fulani imefungwa, mara nyingine wanaelezwa habari ya njia ya babu zao.

Hapo ndipo linapoingia suala la sheria, ambalo ndilo linaloulizwa zaidi na ndilo linaloeleweka kidogo. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, mtu haruhusiwi kuingia katika pori la akiba bila ya kibali cha maandishi kilichoombwa na kupatikana kabla. Anayesafiri kwa barabara kuu inayopita porini hahitaji kibali hicho, madhali yumo barabarani. Akishuka garini na kufuata njia ya tembo kwa ajili ya kutazama dimbwi, hata kama ni hatua mia mbili, amekwisha kuingia porini. Kukata miti, kuwasha moto, kuchunga mifugo na kuchukua silaha humo navyo vina masharti yake au vimekatazwa. Msimamizi wa mapori hayo ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2016, na watumishi wake ndio wanaopaswa kuulizwa.

Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Huko mgeni hatakiwi kibali cha wanyamapori kwa kutembea tu, lakini anatakiwa kwa adabu na kwa usalama wake kuripoti ofisi ya Serikali ya Kijiji, aeleze anakwenda wapi na kwa siku ngapi, na apewe mwenyeji. Kama njia yake itapita katika msitu wa hifadhi, iwe ni wa kijiji au wa Serikali, ataeleweshwa hapo hapo. Aidha, watumishi waliozoea Sheria ya Misitu ya Zanzibar Namba 10 ya mwaka 1996 wasidhani kwamba kibali kilichotolewa Unguja au Pemba kinafaa Bara, wala kinyume chake.

Wapo wanaoona kwamba masharti hayo ni urasimu. Hata hivyo, Pori la Rungwa limegawanywa katika vitalu vya uwindaji wa kitalii, na wawindaji wenye bunduki za masafa marefu humo si jambo la bahati mbaya, bali ndiyo shughuli yenyewe. Mtu anayetembea bila ya taarifa anaweza kuwa mbele ya risasi ambayo mpigaji wake hana habari naye. Vilevile askari wa doria anayekutana usiku na mtu asiye na kibali hana njia ya haraka ya kupambanua kati ya mtalii, mrina asali na jangili. Mapori hayo yamepoteza tembo wengi kwa ujangili, hasa katika miaka ya kuelekea 2014, na askari wa huko wameumizwa na majangili wenye silaha. Kibali humkinga anayekibeba kabla ya kumkinga mnyama.

Kwa mrina asali wa kijijini jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa mtembezi wa likizo. Mtalii aliyezuiliwa hurudi hotelini. Mrina aliyekamatwa hupoteza mizinga yake, msimu wake, na pengine uhuru wake. Kwa sababu hiyo, wageni wanaoajiri wenyeji kuwaonyesha njia wasiwashawishi kuvuka mpaka kwa ahadi ya malipo. Mwenyeji anaujua mpaka, lakini anaweza kuona haya kumkatalia mgeni.

Kuhusu mwendo wenyewe, katika eneo lenye wanyama wakubwa watu hutembea kwa mstari mmoja, askari mwenye silaha akiwa mbele, na hakuna anayempita wala anayebaki nyuma kupiga picha. Mazungumzo huwa ya kunong'ona. Upepo hutazamwa kila mara kwa kumwaga vumbi kidogo kutoka mkononi, kwa kuwa tembo na nyati hunusa mbali kuliko wanavyoona. Vitanda vya mito ya mchanga ni vizuri kutembelea, kwani mtu huona mbele na alama za miguu husomeka, ila mashimo yaliyochimbwa na tembo yasikaribiwe asubuhi na jioni. Majani marefu ya kingo ndiyo mahali pa hatari, hasa penye njia ya wanyama inayoshuka majini. Ajabu ya lugha ni kwamba huko neno korongo laweza kuwa shimo lililochimbwa na mvua, laweza kuwa ndege mwenye miguu mirefu, na laweza kuwa mnyama mkubwa mwenye pembe, ndugu wa palahala, ambaye Rungwa inasifika naye. Mgeni anayeambiwa "kuna korongo mbele" na aulize ni lipi.

Mbung'o ni wengi, na huuma hata juu ya nguo nyepesi. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nguo nzito za rangi ya udongo ni bora. Mtu aliyerudi kutoka huko akapatwa na homa na maumivu ya kichwa asiridhike na dawa ya malaria peke yake, bali amweleze daktari wazi kwamba aliumwa na mbung'o. Daktari wa Visiwani ana sababu ndogo ya kuufikiria ugonjwa wa malale asipoambiwa.

Miezi inayofaa ni Juni na Julai, ambapo barabara imekauka, majani yameanza kulala na maji bado yamo sehemu nyingi, hivyo wanyama hawajasongamana kwenye madimbwi machache. Stanley alipita katika majira hayohayo. Septemba na Oktoba wanyama huonekana kwa wingi zaidi, lakini joto ni kali na kila dimbwi lina wenyewe. Kuanzia Desemba hadi Aprili safari ya miguu haishauriwi.

Anayetaka kutembea kwa miguu chini ya utaratibu uliozoeleka anaweza kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako matembezi ya namna hiyo hufanywa kwa kuongozwa na askari mwenye silaha, katika misitu na mabonde ya aina moja na yale ya Rungwa. Anayevutiwa zaidi na historia atafika Kilimatinde kwa barabara kutoka Manyoni, bila ya kibali cha pori. Hapo ni ukingoni mwa Bonde la Ufa, na mahali hapo ni miongoni mwa vituo sita vya njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe ambavyo Tanzania iliviingiza mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji.

Anayeazimia Rungwa yenyewe na aombe kibali kwa maandishi mapema, kabla ya kukata tiketi ya boti, akitaja majina ya wote watakaofuatana naye, tarehe za kuingia na kutoka, na sehemu anayokusudia kuifikia. Kibali chenyewe, si nakala, kichukuliwe mwilini na siyo katika begi linalobaki garini.